Kijidudu Kinachojua Kulala

(Mada hii ilitolewa kwa wanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne katika shule za sekondari za mikoa ya Mbeya na Iringa. Tunaichapa hapa kwa ajili ya wale ambao hatukuwafikia.)

Wewe unayesoma gazeti hili bwenini au kwenye kituo cha basi, jihesabu umo darasani pamoja nasi. Sogea mbele, usikae nyuma kama mgeni.

Nianze na maswali. Nani amekunywa togwa wiki hii? Nyosheni mikono. Na mtindi je? Haya, nani amekula kiporo cha wali asubuhi ya leo? Msicheke, hata mimi nimesoma bweni, kiporo nakijua.

Leo tutazungumza juu ya bakteria. Najua wengine mnawaza: "Ah, Monera tena! Tumeshaisoma." Subirini kwanza. Bakteria ninayemleta leo alitaka kutugharimu mtoto nyumbani kwetu. Si kwamba yeye ni mbaya. Ni kwamba mimi nililijua jina lake na sikuijua kazi yake.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilirudi nyumbani Tukuyu kwa likizo. Nikamkuta mtoto wa dada yangu, umri wa miezi 14, anaharisha. Choo cha majimaji, mara sita, mara saba kwa siku. Dada alikuwa ameshakwenda duka la dawa na kurudi na vidonge vya rangi mbili. Shilingi 6,000 zimekwenda. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Mama, hii ina antibiotiki na bakteria wazuri humo humo. Fungua, changanya na maji kidogo, mpe."

Dada akanipa ile pakiti. "Wewe ndiye msomi wetu, hebu soma."

Nikasoma. Kwa maandishi madogo paliandikwa Lactobacillus sporogenes. Nikafurahi! Lactobacillus nilikuwa nimefundishwa, ndiye wa kwenye mtindi. Nikasema kwa sauti ya kisomi, "Hii ni nzuri, dada. Mpe tu."

Kesho yake jioni mtoto alikuwa analia bila machozi. Macho yameingia ndani. Ukiibana ngozi ya tumbo na kuiachia, inarudi polepole kama nguo iliyokunjwa. Mama yangu, ambaye hakufika hata darasa la saba, ndiye aliyesema, "Huyu mtoto amekauka. Twendeni zahanati."

Muuguzi hakuuliza tumempa kidonge gani. Aliuliza hivi: "Mmekuwa mkimpa maji gani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Mtoto alipona. Alinyweshwa ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, usiku kucha, akapewa na vidonge vya zinki. Leo yuko darasa la pili na ni mtundu kweli kweli. Lakini mimi ile kauli yangu ya "mpe tu" sijaisahau. Ndiyo iliyonifanya nirudi vitabuni kumtafuta huyu Lactobacillus sporogenes ni nani hasa. Niliyoyapata ndiyo nayowaletea leo.

WANAOTENGENEZA UCHACHU

Tuanze na tunaowafahamu. Maziwa yakigeuka mtindi, uji ukigeuka togwa, nani amefanya kazi? Ni bakteria wa asidi ya laktiki. Hawa hula sukari. Molekuli moja ya glukosi wanaivunja na kutoa molekuli mbili za asidi ya laktiki, na katika kuivunja wanapata nguvu ya kuishi. Hawahitaji oksijeni kwa kazi hiyo.

Asidi inapoongezeka, pH inashuka. Maziwa yakifikia pH ya 4.6 hivi, protini yake iitwayo kasini inashikamana, na maziwa yanaganda. Togwa nzuri hushuka hadi pH ya 4 au chini yake. Bakteria wengi wa kuharisha hawapendi hali hiyo. Wanadhoofika, hawazaliani, na wengine wanakufa.

Haya si maneno ya kusifia chakula cha bibi tu. Mwaka 1994 watafiti Lorri na Svanberg walichapisha utafiti uliofanyika hapa Tanzania, ukaonyesha kuwa kuharisha kulikuwa kuchache zaidi kwa watoto waliokuwa wakipewa uji uliochachushwa. Mwaka 1999 Kingamkono na wenzake wakachapisha mwingine. Watoto wa chini ya miaka 5 waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walipewa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, wa pili uji usiochachushwa, wa tatu waliendelea na chakula cha nyumbani. Katika kundi la togwa, watoto waliokutwa na bakteria wa kuharisha kwenye choo walipungua kutoka asilimia 27.6 mwanzoni hadi asilimia 8.2 siku ya 13.

Kwa hiyo ukimwona bibi yako anachanganya kimea cha ulezi kwenye uji na kuufunika, usimwone wa zamani. Kimea kinaulainisha uji, hivyo mtoto anakula unga mwingi zaidi bila kushindwa kumeza. Uchachu unawazuia vijidudu. Kazi mbili kwa sufuria moja.

Nikishafika hapa, huwa kuna kijana wa Iringa anayeuliza, "Na ulanzi je?" Najua mlisubiri! Ulanzi unapoacha kuwa mtogwa mtamu na kuwa mkangafu, mwenye kazi kubwa ni hamira ya asili, ambayo si bakteria bali ni aina ya kuvu, nayo inatoa pombe. Hiyo ni mada ya siku nyingine, na mwalimu wenu wa nidhamu atakuwepo.

SASA YULE ANAYELALA

Wengi wa bakteria wa mtindi na togwa, kama akina Lactobacillus, wana udhaifu mmoja: hawana pa kujificha. Ukichemsha, wanakufa.

Lakini wapo wachache wanaotoa asidi ya laktiki na pia wanajua kulala. Wanatengeneza spora. Mashuhuri kati yao anaitwa Bacillus coagulans. Ni kijiti, anapenda joto la nyuzi 50 za Selsiasi hivi, anaishi penye oksijeni na pasipo na oksijeni.

Analalaje? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtihani ulipo.

Chakula kinapokwisha, seli hainakili DNA yake ili izae watoto wawili sawa. Inajigawa pasipo usawa: upande mmoja mkubwa, upande mmoja mdogo, kila upande na nakala yake ya DNA. Kisha ule mkubwa, tuuite mama, unaumeza ule mdogo. Ndiyo, mama anammeza mtoto! Akishakuwa tumboni, mama anamvika tabaka juu ya tabaka: ganda nene la ndani, kisha makoti ya protini. Maji yanatolewa katikati, na mahali pake inaingia asidi ya dipikoliniki iliyoshikana na kalsiamu. Protini ndogo ndogo zinaifunga DNA isiharibike. Kazi ikiisha, mama anapasuka na kufa. Inabaki spora.

Hiyo spora haili, haikui, haigawanyiki. Imekauka kwa ndani kama punje ya mahindi kwenye kihenge. Joto, ukavu, asidi ya tumbo, dawa nyingi za kuua vijidudu, vyote hivyo inavistahimili kuliko seli ya kawaida. Inaweza kungoja miaka. Ikikutana tena na maji, joto linalofaa na chakula kama sukari au asidi amino, vipokezi vyake vinahisi, maji yanaingia, ganda linavunjwa, na bakteria anaamka.

Angalizo la mtihani: kuvu hutumia spora kuzaliana, moja inatoa maelfu. Bakteria hazaliani kwa spora. Seli moja inatoa spora moja, na spora moja inatoa seli moja. Ukiandika "bakteria huzaliana kwa spora" unakosa alama, na mimi sitakutetea.

JINA LILILONIDANGANYA

Mwaka 1915, huko Iowa nchini Marekani, palitokea tatizo la maziwa ya makopo. Maziwa yalikuwa yamepikwa na kufungwa vizuri, lakini ukifungua kopo unakuta yameganda. Mtaalamu aitwaye B. W. Hammer akamtoa bakteria humo na kumwita Bacillus coagulans, maana yake kijiti kinachogandisha.

Mwaka 1933 watafiti wengine wakaeleza bakteria anayetoa asidi ya laktiki na spora, wakamwita Lactobacillus sporogenes, yaani Lactobacillus anayezaa spora. Baadaye ikaonekana kuwa ni yule yule wa Hammer. Hakuwa Lactobacillus. Lactobacillus hatoi spora, na hana kimeng'enya cha katalasi. Bacillus coagulans anacho. Mkiwa maabara, mdondoshee haidrojeni peroksaidi, utaona mapovu. Mdondoshee Lactobacillus, kimya.

Wataalamu wakaendelea kupanga upya ukoo wake. Mwaka 2020 akapelekwa jenasi ya Weizmannia, na mwaka 2023 akawekwa Heyndrickxia. Kwa hiyo leo vitabu vipya vinamwita Heyndrickxia coagulans. Majina manne, bakteria mmoja! Lakini jina la 1933 lilibaki kwenye pakiti za dawa, ndilo nililolisoma nikiwa Tukuyu na kujiona nimefika.

Yupo na ndugu mwingine wa tabia hiyo, Sporolactobacillus inulinus, aliyeelezwa na Wajapani Kitahara na Suzuki mwaka 1963. Walimpata wapi? Kwenye chakula cha kuku. Huyu yeye hana katalasi, lakini spora anatoa.

MILIMANI MAJI HUCHEMKA MAPEMA

Sasa tuje jikoni kwetu.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, shinikizo ni dogo, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Iringa ni karibu na 95. Ndiyo maana maharage ya huku yanakula kuni mpaka mama anachoka.

Je, nyuzi 94 zinatosha kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu? Zinatosha kabisa. Maziwa yakipashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu kiwandani, vijidudu hatari kama vya kifua kikuu na vya brusela hufa. Kwa hiyo mtu asije akawaambia eti huku milimani kuchemsha maji hakusaidii. Kunasaidia na kunaokoa maisha.

Lakini spora? Spora inaweza kuchemka na sufuria na kutoka salama. Hili lilijulikana zamani. Mwaka 1876 Ferdinand Cohn alieleza spora za Bacillus subtilis, bakteria wa kwenye nyasi kavu, na mwaka huo huo Robert Koch akaeleza spora za kimeta. Mwaka 1877 John Tyndall wa Uingereza akapata njia: chemsha leo, acha spora ziamke, chemsha tena kesho kabla hazijatengeneza nyingine, na keshokutwa tena. Hospitalini leo hutumia mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 hivi. Hapo spora nazo zinasalimu amri.

Hebu sasa tuelewe mambo matatu ya nyumbani.

La kwanza, mtindi. Watu wengi wanagandisha maziwa mabichi. Asidi inapunguza vijidudu, lakini haitoshi kuwaua wote. Wa brusela na wa kifua kikuu wanaweza kubaki humo siku kadhaa. Kwa hiyo chemsha kwanza. Ila ukichemsha unawaua na bakteria wa mtindi, kwa sababu hawana spora. Wanaobaki ni wale wenye spora, wengi wao waharibifu. Ukiyaacha hivyo hivyo, hao ndio wataamka, na maziwa yatanuka badala ya kuganda vizuri. Dawa yake ni rahisi: yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, weka vijiko viwili vitatu vya mtindi mzuri, funika. Umewarudisha wenye nyumba kabla wavamizi hawajaamka.

La pili, kiporo. Kwenye mchele mara nyingi kuna spora za Bacillus cereus. Wali ukiiva, spora zinabaki. Sufuria ikikaa usiku kucha jikoni palipo na joto, zinaamka na kutoa sumu. Sumu ya kutapisha ya bakteria huyu haivunjwi kwa kupasha moto. Ndiyo maana mtu anasema, "Mbona kiporo nilikipasha kikawa cha moto kabisa, na bado nimetapika?" Wali uliobaki usiache masaa. Upoze upesi, uweke penye baridi, au pikeni kinachotosha.

La tatu, kidonda. Pepopunda na kimeta ni magonjwa ya bakteria wenye spora zinazokaa udongoni. Ukichomwa na msumari shambani usipake udongo wala samadi. Osha kwa maji mengi na sabuni, nenda zahanati, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Na ng'ombe au mbuzi akifa ghafla, damu inatoka puani na haigandi, msimchune, msimle. Toeni taarifa kwa afisa mifugo.

Mnaona? Kulala ni ujanja tu. Mwenye ujanja anaweza kuwa mwema, mharibifu au muuaji. Tabaka za spora hazikuambii ni yupi.

BASI KILE KIDONGE?

Hapa ndipo nilipojikwaa, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwa nini kampuni za dawa zinampenda Bacillus coagulans? Kwa sababu ya spora. Lactobacillus wa kawaida akikaushwa na kuwekwa dukani, mwezi wa jua, mwezi wa mvua, wengi wanakufa. Wengine wanakufa tumboni kwenye asidi. Spora inakaa dukani bila friji na inapita tumboni salama. Ikifika utumbo mdogo, baadhi zinaamka. Hakai humo maisha yake yote. Ukiacha kumeza, baada ya siku chache anatoka na choo.

Mpaka hapo sifa zote ni za kweli. Lakini angalieni swali lililoruka. Kufika utumboni si sawa na kumponya mtoto anayeharisha. Mtu anaweza kufika Mbeya kwa basi zuri kabisa na asiwe na kazi ya kufanya Mbeya.

Swali hilo limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Kolkata nchini India walichapisha utafiti juu ya watoto wenye kuharisha kwa majimaji. Baadhi walipewa bakteria huyu, wengine kidonge kisicho na kitu, na wote walipewa matibabu ya kawaida ya kurudisha maji. Matokeo? Bakteria hakuonyesha faida ya tiba. Kwa matatizo mengine ya tumbo, kwa watu wazima, yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu. Lakini yule mtoto wa miezi 14 hakuwa mtu mzima mwenye tumbo la kujaa gesi. Alikuwa anapoteza maji na chumvi kila saa.

Na ile antibiotiki? Kuharisha kwa majimaji kwa watoto wadogo mara nyingi ni virusi, kama vya rota, ambavyo chanjo yake inatolewa nchini mwetu tangu 2013. Antibiotiki haiui virusi. Inaua bakteria wa kawaida wa utumbo, inaweza hata kuongeza kuharisha, na inawafundisha bakteria wengine usugu. Kumwekea bakteria mzuri pembeni hakuifanyi antibiotiki isiyotakiwa iwe inatakiwa.

Kwa hiyo ile shilingi 6,000 ilinunua vitu viwili ambavyo mtoto hakuvihitaji, na ikatufanya tukae tumetulia siku nzima tukidhani tumetibu. Hasara kubwa haikuwa fedha. Ilikuwa ile siku nzima.

MASWALI MLIYOULIZA

Kila shule nilikopita nimeulizwa haya, acha niyajibu yote.

"Togwa inaweza kuchukua nafasi ya ORS?" Hapana. Togwa ni chakula kizuri na mtoto anayeharisha aendelee kula na kunyonya. Lakini ORS ina sukari na chumvi kwa vipimo. Utumbo unavuta glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji yanafuata. Togwa haijapimwa hivyo.

"Kama togwa inaua vijidudu, kwa nini bibi anaambiwa achemshe maji?" Kwa sababu asidi inawadhoofisha wengi, haiwamalizi wote, na inachukua muda. Ukitengeneza togwa safi halafu ukaizimua kwa maji ya mtoni, umeingiza vijidudu vipya na umepunguza ukali wa asidi papo hapo. Unajitafutia.

"Vidonge vya spora vina madhara?" Kwa watu wengi wenye afya, Bacillus coagulans hana matatizo. Lakini ni bakteria hai. Mtu mwenye kinga dhaifu, awe anaugua muda mrefu, anatibiwa saratani, au ana VVU na hali yake haijatulia, amwulize kwanza mhudumu wa afya. Hilo si la kumwonea mtu aibu. Ni la kumlinda.

"Tukirudi nyumbani na tukakuta mtoto anaharisha, tufanye nini?" Hili ndilo nililolingojea. Chukueni kalamu.

Nawa mikono kwa sabuni. Changanya pakiti moja ya ORS na lita 1 kamili ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usiweke nusu pakiti, usizidishe maji. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha. Wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole zaidi. Baada ya saa 24, iliyobaki mwaga, changanya mpya.

Pakiti haipo? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vipimo hivyo hivyo. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo onja: isiwe na chumvi kuliko machozi.

Zinki atapewa zahanati: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Asiache hata akipona siku ya tatu.

Mkimbizeni kituo cha afya mkiona choo chenye damu, mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, macho yameingia, au ngozi ikibanwa inarudi polepole. Nanyi mkisikia kuna kipindupindu, hata kwa mtu mzima hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mpaka mikoa mingi, na walioponea ni waliowahi maji na chumvi.

NENO LA MWISHO

Vijana, ninyi ndio mnaosoma pakiti nyumbani. Shangazi ataleta kidonge, babu ataleta karatasi ya hospitali, jirani atabisha hodi na chupa ya dawa ya ng'ombe, wote watasema, "Hebu soma, wewe ndiye msomi." Ni heshima hiyo, na ina uzito.

Mkishasoma jina, msiishie hapo kama nilivyoishia mimi. Jiulizeni: kitu hiki kinafanya kazi gani mwilini? Na mgonjwa huyu anahitaji kazi hiyo, au anahitaji nyingine? Kama hujui, sema sijui. "Sijui, twende zahanati" ni jibu la kisomi kuliko "mpe tu".

Mimi nilikuwa na alama nzuri za mikrobiolojia. Mama yangu hakujua Lactobacillus wala spora, lakini alimtazama mtoto wakati mimi natazama pakiti. Siku hizi nayafanya yote mawili, ila naanza na mtoto.

Basi, mkifika nyumbani likizo hii, ulizeni kama pakiti mbili za ORS zipo kabatini. Kama hazipo, nendeni zahanati mkaziombe kabla hazijahitajika. Na mkimkuta bibi anatengeneza togwa, msaidieni kuchemsha maji, kisha mwelezeni ni nani anayefanya kazi chini ya kile kifuniko. Nina hakika atawasikiliza, halafu atawatuma kuni.

Kama kuna swali limebaki, liandike ulitume kwa gazeti hili, nitajibu.